Kaskemaa

Maire alikuja Jumatatu, theluji bado iko begani,
kidole cha pete kitupu, cheupe kama kiazi kilichomenywa.
Hakuketi. "Meelis, niondolee Saar.
Kila mahali. Nirudishe Kask, jina la baba."
Akatoka, kahawa yake ameiacha mezani.

Miaka thelathini hapa Tartu tumewavisha ndege pete:
korongo, shakwe, bata bukini wenye hasira.
Kila pete ina namba, kila namba ina faili,
na mwisho wa faili, jina la aliyemshika ndege.
Mafaili elfu kumi na moja, mia nne na mawili.
Kuyafungua moja moja ningezeeka,
na nimekwisha kuzeeka.

Basi nikafungua dirisha jeusi,
lile lisilo na picha, lenye alama moja tu inayopepesa
kama jicho la mtumishi asiyeuliza swali.
Nikaandika: s, mshazari, Saar,
mshazari, Kask, mshazari, g,
hiyo g maana yake usibakishe,
kisha nyota, nukta, txt: nenda kote.

Nikabonyeza.
Halikusema kitu. Dirisha hilo likifanikiwa hunyamaza,
likiharibu pia hunyamaza.
Kahawa ya Maire ilikuwa bado inatoa mvuke.

Jumatano akapiga simu kijana wa Riga, mpole:
"Samahani, Kaskemaa ni wapi?
Nina shakwe mia tisa waliotoka huko
na ramani yangu haipajui."

Saaremaa. Kisiwa kizima, na minara yake, na misonobari,
nimekifuta kwa herufi nne.
Kwetu saar ni kisiwa, na saar ni mti pia,
na Saar ni yule mwanamume.
Mashine haina habari. Inaona S, a, a, r, inakata,
hata pale jina lilipoota ndani ya jina.
Ningeweka tu alama za mpaka wa neno, huku na huku,
kama mtu anayefunga mlango kabla ya kumfukuza kuku.

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo isemwavyo,
lakini hapa mwezi wa pili huganda kizingitini
nawe unayazoa kwa koleo.
Kisiwa nilikirudisha kwa mstari mmoja, sekunde mbili.
Nikajisifu. Nikamimina chai.

Ndipo nikaona bata wa Mei, mwaka ule Maire alipojifungua.
M. Kask, limeandikwa. Siku hiyohiyo. Saa kumi alfajiri.

Mati. Mume wake Mati naye alishika ndege.
M. Saar na M. Saar, miaka kumi na tisa,
na mimi nimewafanya wote wawili watoto wa baba mkwe.
Nikakimbilia nakala ya akiba, ipo, nzima, ya Oktoba:
M. Saar. M. Saar. M. Saar.
Hata kabla sijagusa kitu hawakuwa wametenganishwa.

Nilimpigia. Akanyamaza kama lile dirisha,
nisijue nimefaulu au nimeharibu.
Kisha akacheka kwa pua.
"Kwa hiyo nimemwacha mume, nikabaki na bata wake."

Sasa anakuja jioni, taa moja, viti viwili.
Mimi nasoma tarehe, yeye anakumbuka.
"Wake. Nilikuwa na homa."
"Wangu. Aliniuma hapa, tazama."
"Wake. Wake. Huyu wangu, mvua ilikuwa inanyesha,
yeye alibaki garini akisikiliza mpira."

Jana tulifika kwa korongo mmoja wa Septemba.
Hakujibu.
"Mimi nilimshika mabawa," akasema baadaye,
"yeye akamvisha pete. Alitetemeka sana."
"Nani, korongo?"

Akavuta kibodi kwake.
Akafuta jina la baba, herufi baada ya herufi, kwa kidole kile kitupu,
akaacha M na nukta yake.

Nikahifadhi.
Kijana wa Riga atapiga simu tena.